Ng'ombe Hazururi

Katika miaka yangu yote ya kutibu mifugo, hakuna ugonjwa ulionisumbua kama neno moja la Kiingereza. Ndigana niliijua kwa kupapasa tezi chini ya sikio. Chambavu niliijua kwa kuubonyeza mguu na kusikia ngozi inavyolia. Lakini neno "stray" lilinichukua nchi mbili na maksai mmoja mwekundu kulielewa, na naona ninyi vijana mliobaki idarani bado mnaliandika kwenye fomu bila kulitazama usoni. Kaeni niwaeleze. Vyeo nilivyopata mnavijua, vimebandikwa ukutani. Sitavirudia, ingawa ningeweza.

Nilianza chini kabisa, mhudumu wa josho hapa hapa Bariadi, wakati tukiwa bado chini ya Shinyanga na Simiyu haijawa mkoa. Siku ya kwanza nilipewa fimbo, nami nikaitumia sana. Ng'ombe wa kwanza alikataa kuingia joshoni, nikamchapa, akageuka akapita juu yangu, na wenye ng'ombe wakacheka hadi wakakaa chini. Msimamizi wangu, mzee mmoja mwenye vidole vyeusi kwa dawa ya kupe, aliniinua matopeni akaniambia, "Kijana, ng'ombe hasukumwi. Wewe simama pale usipotaka aende, yeye mwenyewe atakwenda kwingine." Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo, vingine vizito kuinua, na sijakuta sentensi iliyonifaa zaidi.

Baadaye nikaona josho limekuwa dogo kwangu. Nikaondoka. Sikutumwa na serikali, wala sikuwa na ndugu mkubwa mahali popote. Nilipanda treni ya Zambia na viatu vya kuazima, nikapata kazi ya kuchunga kwenye ranchi ya mzungu mmoja mzee. Tulimwita Mzee Kofia, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kuona kichwa chake. Kila asubuhi alituuliza kama kuna "stray". Siku moja nikamjibu kwa Kiingereza changu cha wakati ule kwamba ndiyo, kuna waliopotea. Akasimama.

"Sikuuliza waliopotea," akasema. "Aliyepotea hajui alipo. 'Stray' huenda anajua sana alipo. Sisi ndio hatujui."

Mzee yule alipenda kuzungumza habari za maneno kama wazee wa kwetu wanavyozungumza habari za koo: huyu kazaliwa na nani, yule alihamia lini. Neno hili, alisema, Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini, na kule nyuma kabisa wataalamu hawajapatana. Wengine husema limetokana na maneno mawili, "nje" na "kutangatanga", yaani kutangatanga nje ya mipaka. Kwa hesabu hiyo ni ndugu wa "vagabond", ambaye ndiye mzururaji hasa. Wengine husema hapana, baba yake ni neno la Kilatini la barabara, lile lile lililozaa "street", kwa hiyo maana yake ni mnyama wa barabarani. Nilimuuliza yeye yuko upande gani.

"Mimi niko upande wa ng'ombe," akasema.

Akanieleza pia kwamba zamani kwao, mnyama aliyeokotwa bila mwenyewe kujulikana alitangazwa kanisani na sokoni, na asipojitokeza mtu, akawa mali ya bwana mkubwa wa eneo lile. "Kwa hiyo angalia," akaniambia. "Ukiona mtu analitamka neno hili haraka haraka, mara nyingi ni bwana mkubwa mwenye njaa." Nililiweka hilo kichwani. Huko huko Zambia nikasoma diploma ya afya ya mifugo kwa mshahara wangu mwenyewe, mchana nachanja ng'ombe, jioni nasoma kitabuni yale niliyoyafanya mchana. Nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupata diploma. Kwa muda mrefu nilikuwa wa kwanza na wa mwisho.

Nilirudi Bariadi miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wazazi wangu walikuwa wameshafariki, kwa hiyo nilifikia ng'ambo ya mto kwa mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyenilea. Nilimkuta mlangoni anamenya viazi vya kukausha michembe.

"Mwangaluka, mjomba."

"Mwangaluka. Umerudi au umekuja kutembea?"

"Nimerudi."

"Maana nilisikia huko mijini wanakamata wazururaji wanawarudisha mashambani. Nikasema, wangu huyo naye atashushwa na lori siku yoyote."

"Sikuletwa na mtu, mjomba. Nimekuja na diploma."

"Vizuri. Iweke pale kwenye kivuli, isipate jua."

Idara ilinipokea, na haikuwa na ujanja, kwa sababu wilaya nzima hapakuwa na mwingine aliyejua niliyoyajua. Soko la pamba lilikuwa limefunguliwa, na wanunuzi wenye malori ya kila rangi walishuka hapa, na wachuuzi wa ng'ombe nyuma yao. Wakati huo huo dawa ya josho ya serikali ilikoma. Majosho yakakauka, mbuzi wakawa wanalala humo. Kila mfugaji akatafuta bomba lake la kunyunyizia, na dawa akauziwa dukani na mtu ambaye jana yake alikuwa akiuza mafuta ya taa. Mimi nilizunguka kwa baiskeli na boksi langu: themometa, sindano za kuchemsha, na ile burdizo ya kuhasi niliyotoka nayo Zambia, ambayo hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuigusa. Najua mnaigombania sasa. Ipakeni mafuta.

Kila ofisi ilikuwa imeambiwa ijitafutie mapato. Hapo ndipo zizi la mifugo iliyookotwa, lililokuwa nyuma ya ofisi yetu bila mtu kulijali, likawa na thamani, maana mnyama asiyepata mwenyewe alipigwa mnada. Mkuu wangu wa idara, Bwana Haule, mtu mwema lakini mwenye haraka, aliichukua sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaitafsiri mwenyewe, akaandika kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa lango: ZIZI LA NG'OMBE WAZURURAJI.

Watu walitoka vijijini kuja kuusoma. Mlinzi wa zizi, Jidayi, mtu mwenye mdomo kuliko rungu lake, aliniambia, "Bwana Mifugo, ng'ombe anazururaje? Wamemwomba kitambulisho akakosa?"

Nilikwenda kwa Bwana Haule. "Mkuu, kuzurura ni kosa la mtu aliyeacha kazi yake. Ng'ombe hazururi."

"Basi niletee neno lako la Kizambia."

Nilitafuta, wala sioni aibu kusema sikulipata siku ile. Kupotea nilishakatazwa na Mzee Kofia. Kutangatanga ni kwa mwenye shida. Kurandaranda kuna harufu ya wizi. Na lugha yetu ina mtego wake hapo: kuna kuzuru, ambako ni heshima, mkubwa anazuru wilaya na watu wanampangia mstari, ongeza "ra" moja tu mwishoni, umekuwa kuzurura, unakamatwa. Ubao ukabaki kama ulivyo.

Ndipo akaletwa Ruksa.

Alikuwa maksai mwekundu, baka jeupe kwenye paji la uso, mkubwa, mpole. Watu wa Migato walimkuta ndani ya shamba la pamba la mtu wakamswaga mpaka kwetu. Alipoingia tu zizini Jidayi akapiga kelele, "Huyu si Ruksa wa Mzee Sayi?" Mzee Sayi aliishi ng'ambo ya mto, karibu na mji, na nusu ya majirani walikuwa wamelimiwa na maksai huyo. Jina alipewa kwa sababu hakuna boma lililomzuia. Siku zile neno lenyewe lilikuwa mdomoni mwa kila mtu: ruksa biashara, ruksa mitumba, na ng'ombe naye ruksa.

Tukamwita Mzee Sayi. Akaja, akasimama kwenye uzio. Ng'ombe akainua kichwa akalia kidogo.

"Simjui," akasema Sayi.

"Mzee!" Jidayi akashangaa. "Umelima naye misimu yote. Ona anavyokuita."

"Ng'ombe anaweza kunijua. Mimi simjui."

Sababu tuliipata mchana uleule. Mtoto wa Sayi alikuwa ameoa Kabula, binti wa Mzee Maduhu wa Mwanhuzi, na Ruksa alikuwa mmoja wa ng'ombe wa mahari. Alipelekwa Mwanhuzi, akakaa kidogo, akaondoka peke yake kurudi upande wa Bariadi, na Migato ilikuwa njiani tu. Ng'ombe wa mahari hurudi, nimewaona wengi. Wanafuata harufu, maji, au moyo. Diploma yangu haikusema ni kipi.

Na Maduhu alikuwa ameshafuata nyayo. Aliingia ofisini na wanawe wawili, vumbi hadi magotini, akasalimia vizuri, akapelekwa zizini. Akamtazama maksai kwa muda.

"Si wangu," akasema. "Wangu wote wako nyumbani. Huyu amerudi kwa mwenyewe. Na ng'ombe wa mahari akirudi kwao, binti naye anarudi kwao. Nimekuja kumchukua Kabula."

"Mkwe," Sayi akamwambia kutoka upande wa pili wa uzio, "mimi nilitoa ng'ombe. Ukishindwa kumfunga kamba, ni mimi?"

"Ulitoa ng'ombe au uliazimisha?"

Angalieni mtego huo. Sayi akisema "ni wangu", amekiri kwamba mahari imepungua. Maduhu akisema "ni wangu", hana tena sababu ya kumdai mtu. Basi wazee wawili wenye akili zao walisimama pande mbili za zizi wakimkana maksai yule kuliko Petro alivyomkana Yesu, naye yuko katikati anacheua. Aliyekuwa hatarini hakuwa zizini. Kabula alikuwa ng'ambo ya mto na mtoto mchanga mgongoni, na kila mtu pale alijua kwamba akishavuka kurudi Mwanhuzi kwa hasira za wazee, kumrejesha kwa mume wake ingekuwa kazi ya miaka, kama ingewezekana.

Bwana Haule yeye alifurahi. "Wote wamekana. Hana mwenyewe. 'Stray'! Saini hapa, kesho aende mnadani." Mchuuzi mmoja wa malori alikuwa ameshaingiza mkono kwenye uzio anapima nundu.

Nililisikia neno lilivyotamkwa haraka, nikamkumbuka Mzee Kofia.

"Mkuu, 'stray' ni yule ambaye mwenyewe hajulikani. Huyu ana wenyewe wawili."

"Wamemkana!"

"Kukana si kutojulikana. Hata mimi kuna ndugu wananikana."

"Basi nionyeshe mwenyewe, wewe uliyesoma."

Nikamwambia Jidayi afungue lango. Bwana Haule akauliza kama nimechanganyikiwa. Nikatoka nje ya lango nikasimama upande wa kushoto, njia ya kwenda mnadani, nikanyoosha mikono. Sikumgusa ng'ombe. Alitoka, akanitazama, akageukia kulia, akaanza kutembea kama karani anayewahi kazini.

Tukamfuata wote. Mbele Ruksa, kisha mimi, kisha wakwe wawili wasiotazamana, wana wa Maduhu, Jidayi aliyeacha zizi wazi, Bwana Haule na faili lake kwapani, na mchuuzi nyuma kabisa ambaye hakuwa tayari kukata tamaa. Tulipopita dukani mtu akaniita, "Bwana Mifugo, leo ng'ombe ndiye anakuchunga wewe?" Nikamwambia ndiyo, na ana diploma kuliko wewe. Mto ulikuwa na maji ya kulowesha kwato tu. Ng'ombe akavuka, akapanda, akapita kwenye upenyo wa minyaa iliyozunguka boma la Mzee Sayi, akaenda moja kwa moja mahali palipokuwa na beseni la maji, akainama akanywa.

Maduhu alisimama nje ya minyaa. Hakuingia. Mzee wa heshima haingii kwa mkwewe mikono mitupu, na yeye alikuwa na fimbo tu. Lakini uso ulikuwa wa ushindi.

"Mmeona wenyewe," akasema kwa sauti. "Hata Bwana Mifugo ameona. Amekwenda kwao. Kabula! Funga mizigo!"

Lango nililolifungua mimi lilikuwa limempa ushahidi. Nilifikiri haraka, na ninafikiri haraka kuliko wengi, lakini kabla sijapata neno Kabula alitoka jikoni. Alikuwa binti mwembamba, mtoto mgongoni, mikono ina unga. Akapiga magoti akamsalimia baba yake kupitia upenyo ule, akawasalimia kaka zake, akatusalimia sisi wote mpaka mchuuzi. Kisha akainuka, akaenda kwa Ruksa, akaongeza maji kwenye beseni.

"Karibu," akamwambia ng'ombe.

"Usimkaribishe aliyerudi kwao," akasema Maduhu.

"Hajarudi, baba. Huyu ng'ombe ni wako."

"Si wangu!"

"Ni wako. Amekuja kunitembelea." Hakupandisha sauti. "Tangu niolewe hakuna mtu wa kwetu aliyekuja kunitazama. Nimejifungua, hakuja mtu. Najua, baba, unaogopa kuja kwa mkwe mikono mitupu, na mwaka huu mvua kwenu haikuwa nzuri. Basi ng'ombe wako amekutangulia. Ametembea toka Mwanhuzi peke yake. Mgeni akifika anapewa maji, analala, kesho anarudi kwake. Anapigwa mnada?"

Ruksa alikuwa anakunywa kwa kelele. Mtoto mgongoni akageuza kichwa kumtazama babu yake, mzee aliyekuwa hajamwona hata siku moja.

Mzee Sayi akakohoa. "Hata mimi nilishangaa," akasema, akitazama chini. "Nilijiuliza, mgeni gani huyu anaingia bila hodi."

Jidayi ndiye aliyeanza kucheka, kisha wana wa Maduhu, kisha sote. Maduhu hakucheka. Alisimama anaikaza fimbo yake ardhini, na mimi nikaona shingo inalegea kidogo kidogo.

"Kwa nini," akamuuliza mkwewe, "hamkunitumia habari kwamba amefika salama?"

Hapo kesi ikaisha. Mtu haulizi kwa nini hakuletewa habari za ng'ombe asiye wake. Sayi alilielewa hilo wakati uleule, akaomba radhi kwa kuchelewesha habari, akatuma kiti kitolewe nje ya minyaa ili mkwe akae bila kuvunja heshima. Mtoto akatolewa mgongoni akapelekwa kwa babu yake, na babu akamshika kama tunavyoshika chupa ya chanjo.

Bwana Haule akanivuta pembeni na faili. "Sasa hapa naandika nini?"

"Andika 'visitor'."

"Fomu haina nafasi hiyo."

"Mkuu, 'stray' nalo lilizaliwa kabla ya fomu."

Akaliandika. Kesho yake Ruksa alirudi Mwanhuzi na mwenyewe, akiwa na kamba mpya shingoni kwa ajili ya heshima tu, maana hakuna aliyeamini itamzuia. Haikumzuia. Baada ya mavuno yaliyofuata alikuja tena, na safari hii Maduhu alikuja nyuma yake na kibuyu cha maziwa ya mgando, akaingia ndani ya minyaa. Watu wakazoea kusema hivyo: ukimwona Ruksa amepita Migato, mwambie Kabula apike.

Na ubao wa lango ulibadilishwa. Bwana Haule aliniletea kopo la rangi mwenyewe, nami nikaandika: ZIZI LA MIFUGO INAYOSUBIRI WENYEWE. Najua mmeupaka rangi upya hivi karibuni. Maneno bado ni yangu. Hata kwenye fomu, mkifika kwenye lile neno la Kiingereza, jiulizeni kwanza kama ni ng'ombe asiyejulikana, au ni ninyi msiojua. Nimeokoa mifugo mingi kwa sindano, na hilo nitajisifia popote, lakini yule niliyemwokoa kwa kulikataa neno moja nikafungua lango ndiye ninayemkumbuka jioni, na kwa haki niseme Kabula alimalizia.

Siku yangu ya mwisho kazini hamkuwepo wote, kwa hiyo mwisho wake hamuujui. Baada ya soda na hotuba nilisukuma baiskeli hadi getini. Mlinzi wa sasa, kijana wa Ipililo anayependa maneno kama Jidayi, akasimama mbele yangu.

"Mzee, sasa unakwenda wapi? Dar kwa watoto? Au unarudi Zambia kuzurura?"

"Fungua geti," nikamwambia, "halafu simama upande usiotaka niende."

Akacheka akafungua. Baiskeli ikageukia kulia, ikavuka mto, ikapanda. Mjomba yupo bado, macho yamekwisha lakini masikio ni mazima. Alikuwa amekaa kivulini. Akasikia mnyororo wa baiskeli, akainua uso.

"Nani huyo? Umerudi au umekuja kutembea?"

Nilikwenda moja kwa moja penye mtungi, nikanywa maji.